Posa Iliyotua Zizini

Mwagulyati,
4 Februari 2025

Mama Aneth,

Shikamoo. Ukiisoma barua hii basi na chumvi imefika, maana zimefungwa kwenye mfuko mmoja. Mimi ni Selestine, mtoto wa Mzee Mayala. Najua jina la baba yangu halitajwi kwa furaha huko kwenu Ng'ambo, kwa hiyo ukitaka kuacha kusoma hapa sitakulaumu, ila chumvi usiirudishe.

Tangu baba, kama mtemi wa walinzi wetu wa sungusungu, atangaze kwamba kitongoji chenu kimetengwa, chakula hakinishuki vizuri. Amri yenyewe naijua yote kwa sababu niliisoma mimi mkutanoni, baba hakuja na miwani. Mtu wa Mwagulyati asiwasalimie, asiwape moto, asiwasagie unga, asiwauzie hata kiberiti, na asivuke mto kuja kwenu kwa mguu, baiskeli, punda, mkokoteni wala pikipiki, mpaka mje msimame mbele ya kijiji mseme kwamba kwenye mashindano ya ngoma ya Agosti mlishindwa. Nilipofika mwisho wa karatasi niliona kwamba juu hapakutajwa.

Mimi nina droni ya kupulizia dawa kwenye mashamba ya pamba. Usiogope, tangi la dawa nimeling'oa na mashine nimeiosha kwa sabuni mara nyingi, mzigo unaning'inia chini kwa kamba. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu sungusungu wanakagua simu zetu kila jioni kuona nani amempigia nani. Ukitaka kujibu, funga barua kwenye kamba hiyo hiyo ikitua, mimi nitaivuta nyumbani.

Labda utajiuliza kwa nini mtoto wa Mayala anawaletea chumvi. Aneth nilimfahamu Bugarama, yeye akipikia wachimbaji chakula, mimi nikishuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Zaidi ya hapo sijui niseme nini kwa mzazi, ila naomba umsalimie.

Mtoto wako,
Selestine Mayala


Ng'ambo,
5 Februari 2025

Selestine,

Marahaba. Chumvi yako imefika. Imefikia juu ya sola ya Mzee Magesa, ambayo ndiyo ilikuwa inachaji simu za kitongoji kizima. Sasa sola ni vipande, chumvi ina vioo, na imebidi niiyeyushe niichuje kwa kitambaa kama mtu anayetengeneza dawa. Kwa hiyo hata hao wakaguzi wa simu wapumzike. Hatuna tena simu ya kukaguliwa.

Mume wangu Bujiku, ambaye tangu apigwe fimbo ya kichwa siku ile ngoma ilipogeuka vita hapendi kelele, alipousikia huo mdude wako aliingia chini ya kitanda, na mpaka nakuandikia amekataa kutoka bila kuambiwa ni kitu gani. Nimemwambia ni posta.

Na kwa kuwa umelitaja jambo la mashindano, mpelekee baba yako maneno haya. Sheria ya ngoma kila mtu anaijua: jua likizama, uwanja wenye watazamaji wengi ndio umeshinda. Watazamaji walikuwa kwetu tangu saa nane, hata shemeji zake baba yako walikuwa kwetu. Bujiku akamtoa chatu wake wa ngoma. Chatu akaelekea kwa watu, watu wakakimbilia uwanja wenu, na jua nalo likaamua kuzama wakati huo huo. Mtu anayekimbia nyoka hajaja kumtazama Mayala akitikisa mabega. Mtendaji wa kata alitupatanisha ule ugomvi wa fimbo, tukashikana mikono na nyie, lakini kusema tulishindwa hakumo kwenye mapatano na mimi neno hilo silisemi.

Kuhusu Bugarama, nimesikia. Aneth naye nimemuuliza, amekuwa na kazi nyingi za nje tangu nimuulize. Chumvi si mahari, kijana, tuelewane mapema. Lakini mtoto wa watu hatumrudishi mikono mitupu, kwa hiyo nimefunga michembe kidogo, viazi nilivyokausha mwenyewe. Ukija tena leta kiberiti, majani ya chai na ugoro wa Mzee Magesa, pengine atanyamaza kuhusu sola. Na ushushe taratibu.

Mimi,
Mbuke, mama Aneth


Mwagulyati,
9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa sola. Mpe Mzee Magesa pole, na umwambie ugoro ni wa kutoka Maganzo, si huu wa hapa senta.

Michembe nilikuwa nimeiinjika na karanga, nikaenda kuchaji betri. Niliporudi nikamkuta baba amekaa na sufuria mapajani. Hakuuliza imetoka wapi. Alikula yote, akafuta mdomo, akasema, "Mtu mmoja tu anakausha michembe namna hii, na mimi sijaiona." Kesho yake akaitisha baraza la sungusungu.

Nilikuwepo. Katibu Pantaleo alipendekeza anga nayo iongezwe kwenye amri. Mzee Bartholomeo akauliza, tukitenga anga, hawa yangeyange wanaolala Ng'ambo na kushinda kwenye ng'ombe wetu nani atawatoza faini. Wakabishana mpaka watu wakaanza kusinzia. Mwisho baba akaamua. Alisema anga ni ya Mungu, lakini kivuli kinatembea ardhini na ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo kivuli cha droni kikionekana kinavuka mto, mwenye droni atahesabiwa amevuka kwa mguu, naye atatengwa. Amewaweka vijana wenye pinde mtoni, wanakaa wanaangalia chini.

Kwa hiyo nitakuja siku za mawingu tu. Nashukuru Mungu huu ni mwezi wa mvua. Shida yangu ni pa kutua, maana kwenye kioo cha rimoti naona miti na mapaa, na sitaki kuvunja kitu kingine cha mtu. Naomba umwambie Aneth atandike kanga mahali pa wazi. Nitaifuata hiyo.

Mtoto wako,
Selestine


Ng'ambo,
14 Februari 2025

Selestine,

Marahaba. Barua hii imevuka mto ikiwa imefungwa kwenye jiwe, nimeirusha kwa mkono wangu, maana mawe nayo hayakutajwa. Kama imempiga mtu, mpe pole.

Hukuipata kwa kamba kwa sababu droni yako haitoki. Ulisema Aneth atandike kanga mahali pa wazi. Kazi hiyo nilimwachia yeye, mimi nikawa nahangaika na kuni mbichi. Ameitandika zizini. Nawe ukaja na mawingu yako, ukaifuata kanga, ukatua katikati ya ng'ombe wa Bujiku. Ng'ombe wamebomoa ua wa miiba na kuingia kwenye mtama wa jirani, tumewakimbiza mpaka tukachoka, isipokuwa dume jekundu ambaye alibaki pale pale anailamba mashine. Bujiku, na kile kichwa chake, alisimama mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka tangu Agosti.

Lakini wazee hawakucheka. Mzee Magesa aliizunguka droni mara kadhaa, akabana ugoro wako, akasema neno ambalo hapa kwetu hakuna asiyelijua. Katika ukoo wa Bujiku, mali yoyote ambayo kijana ataiingiza mwenyewe kwenye zizi la baba wa msichana, bila kuombwa, hiyo ni posa. Haijalishi ina miguu au haina. Na posa ikishaingia haiguswi mpaka itolewe majibu. Kwa hiyo wameifunga kwa kamba kwenye kigingi cha ndama, na kila asubuhi Bujiku anaiwekea majani, anasema hataki lawama.

Sasa nisikilize, hapa sitanii. Najua ulitafuta pa kutua tu, hukuja kuposa. Najua pia hiyo mashine ndiyo shamba lako na ndiyo duka lako, na funza wa vitumba hawamngoji mtu. Ukitaka tuitoe, sema, kesho tutaiweka mtoni upande wetu na mtaivuta kwa kamba, wala hapatakuwa na neno baya. Ila mali ikitoka zizini kabla ya majibu, posa imekufa, na kwetu posa iliyokufa hairudiwi. Chagua mwenyewe. Nimekugombeza vya kutosha, hapa sikushauri.

Mbuke


Mwagulyati,
15 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Msiitoe.

Wakulima nitawapulizia kwa bomba la mgongoni kama zamani. Ukimwona Aneth mwambie ni kweli sikuja kuposa siku ile, lakini ni kwa sababu nilikuwa bado natafuta ujasiri, na sasa naona ng'ombe wamenisaidia.

Jiwe lako halikumpiga mtu. Lilidondoka kwenye sahani ya katibu Pantaleo akila. Barua yako ameisoma yeye kwanza, halafu baba. Jibu hili nalirusha kwa jiwe hilo hilo.

Selestine


Ng'ambo,
16 Februari 2025

Selestine,

Nimerusha jiwe hili mbali na watu, upande wa mpunga, natumaini utalipata wewe.

Mama anadhani nilikosea. Sikukosea. Uwanja wa wazi upo, nyuma ya nyumba ya Mzee Magesa, mpana kabisa, hata ndege ya abiria ya kule Ibadakuli ingetua. Nilikaa na ile kanga mkononi nikafikiri. Baba yako hatakuja kuniposa kwa sababu ametutenga, mama yangu hatakubali kuposwa na waliomtenga, na wewe utaleta kiberiti mpaka tuzeeke. Nikaenda kutandika zizini.

Niliogopa sana ulipoambiwa uchague. Kama ungesema itolewe nisingekulaumu, lakini nisingekusahau pia, na hilo lingekuwa baya zaidi. Nakupenda, nimeona nikwambie mwenyewe kabla wazee hawajaanza kuniongelea.

Usimwambie mama habari ya uwanja.

Aneth


Mwagulyati,
18 Februari 2025

Kwa Mama Aneth,
Ng'ambo

YAH: MTAMBO WA MWANANGU ULIOKO ZIZINI KWENU

Nakuandikia kama mzazi. Kama mtemi siruhusiwi kukuandikia. Salamu sikupi kwa sababu ya amri, ila kama usingekuwa umetengwa ningekupa, na ningemuulizia Bujiku kichwa chake. Barua hii imekuja kwa mshale kwa kuwa naona siku hizi kila mtu anarusha.

Nimesoma barua iliyoangukia chakula cha katibu wangu. Nimesikitika. Nyumba ya Mayala imeoa wake kwa ng'ombe tangu babu yake babu yangu. Leo nasikia kwamba kwa ajili ya mwanangu wa kwanza kumefungwa zizini kitu kinachofanana na pangaboi, mimi baba yake sijaulizwa, na mnakipa majani. Watu wa senta wameanza kunipigia mluzi nikipita. Jana kijana mmoja ameniuliza kama mke wangu nilimpata kwa redio.

Natamka kwamba hiyo mashine si posa ya nyumba yangu. Posa ya nyumba yangu ina pembe na inalia. Msichana mwenyewe simpingi, nimemwona mkutanoni, ana adabu na ana nguvu. Naomba mtambo utolewe kwa utaratibu ambao hautaua posa, na ng'ombe waje badala yake siku ambayo mtakuwa mmesema lile neno ambalo kijiji kinalisubiri.

Wako katika kutenganishwa,
Mayala, mzazi

Nyongeza: ile michembe, kama iliyobaki ni ya kuharibika tu, isiachwe iharibike.


Ng'ambo,
19 Februari 2025

Mzee Mayala,

Salamu yako ambayo hukunipa nimeipokea. Bujiku anasema kichwa hakijambo, naye pia hakusalimii. Mshale wako umechoma gunia la mtama, nimeziba kwa kitambaa.

Umesema ng'ombe. Sawa, nami ng'ombe nawapenda kuliko pangaboi, dume letu jekundu tu ndiye ana mawazo tofauti. Lakini nieleze watafikaje. Amri yako haikukataza ng'ombe kuvuka, imemkataza mchungaji. Utawasukuma mpaka ukingoni, uwaombe waende wenyewe? Na wakifika, mshenga wako atakaa kwangu bila kunisalimia, atakunywa maji yangu huku moto amenikatalia? Mtu hawezi kuomba binti kwa wenye nyumba aliowatenga. Ama sisi ni wakwe zako watarajiwa, ama sisi ni watu uliowakana. Amri yako haiwezi kubeba yote mawili.

Ukiifuta amri, mashine itatoka zizini kwa heshima siku ng'ombe watakapoingia, na hakuna atakayekumbuka. Usipoifuta, itabaki pale, na watoto wa Aneth wataambiwa mama yao alitolewa mahari ya feni na ukoo wa Mayala. Mimi naweza kuishi na hilo. Sijui wewe.

Lile neno silisemi. Hawakuja kuwatazama nyie, walikuwa wanakimbia.

Mbuke

Michembe ipo. Siipeleki kwa mshale.


Mwagulyati,
22 Februari 2025

Mama Aneth,

Nimekaa na barua yako, nimeshindwa kuijibu kwa ujanja, kwa hiyo najibu kwa ukweli.

Ngoma sijali tena. Najua walikuwa wanakimbia, nami nilikuwa mmoja wao, nilirudi uwanjani kwangu kwa mbio nikajifanya nacheza. Lakini amri nimeitoa mbele ya kijiji kizima. Nikiifuta bila lile neno, mwizi wa ng'ombe nitakayemhukumu mwezi ujao ataniambia, mbona wale wa Ng'ambo walikukatalia ukanyamaza. Usiku hatutakuwa na ulinzi, na mifugo ya kwenu nayo inategemea ulinzi huo huo. Si kiburi peke yake. Kipo, lakini si peke yake.

Selestine amekonda. Anapulizia ekari za watu kwa bomba la mgongoni, mabega yamechubuka, mama yake anamkanda kwa maji ya moto. Hajaninung'unikia hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Angenigombeza ningemjibu.

Mimi siwezi kurudi nyuma. Najua ninakuomba kitu kizito, na wewe si mtu wangu wa kuombwa. Nakuomba.

Mayala


Ng'ambo,
1 Machi 2025

Selestine,

Barua hii nimempa mshenga wenu, ameondoka nayo kwa miguu yake mchana, akisalimia kila mtu njiani kama mwendawazimu.

Juzi ulikuwa mtoni na kijiji chote, kwa hiyo uliniona nimesimama na Bujiku upande wetu, na ulisikia nikisema tulishindwa. Nililisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mto ulilimeza. Ulimwona na baba yako. Nilidhani atafurahi. Alivua kofia, akaangalia maji, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba na yeye chatu alimkimbiza. Watu walicheka mpaka wale vijana wa pinde wakaziweka chini. Halafu akanisalimia, na nilipomwitikia nikagundua nilikuwa na hamu ya kusalimiwa kuliko nilivyokuwa na hamu ya chumvi.

Usichokijua ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa bado nimekataa. Bujiku ndiye aliyeniambia, kijana ameacha mali yake ifungwe na ndama hajauliza itatoka lini, na wewe unabana neno moja. Alfajiri nilijifunga kanga nikamwambia twende mtoni. Nimekaa na mume huyu miaka mingi na si mara nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Na habari ya uwanja wa nyuma ya kwa Magesa naijua, mwambie Aneth mama yake si kipofu.

Leo ng'ombe wenu wameingia zizini. Ni wazuri, yule mwenye baka jeupe ana tabia mbaya lakini tutamfundisha. Mzee Magesa amepokea, majibu yametoka, ni ndiyo. Kwa hiyo wewe sasa ni mkwe.

Kwenu mambo ya wakwe mmeyalegeza, naambiwa huko senta mama mkwe na mkwe wanakula meza moja. Kwetu hapana. Mama yangu hakuwahi kumtazama Bujiku usoni mpaka anazikwa, na mimi sitaanza mila mpya uzeeni. Ukiniona njiani utaingia kichakani upande wako, nami nitaingia upande wangu. Hutaniita, sitakuita. Kuandikiana nako ni kuongea, kwa hiyo na barua zinakoma hapa.

Nilifurahi sana mto ulipofunguliwa. Jioni ndipo nikafahamu kwamba wakati tumetengwa nilikuwa naongea nawe kila wiki, na sasa utakuwa unakuja hapa kila mwezi na sitakuambia hata karibu. Nilikuzoea, Selestine. Nilikuwa nikisikia ule mlio chini ya mawingu naacha ninachofanya, nikijidai nataka kiberiti. Sikuzaa mtoto wa kiume, na kugombeza mtoto wa kiume kumbe kunapendeza.

Mashine imefunguliwa kamba, dume jekundu amehuzunika. Njoo kesho uichukue. Mimi nitakuwa ndani na mlango nitaufunga, usidhani nimekasirika. Ukifika zizini kohoa kidogo, nijue ni wewe.

Mama yako,
Mbuke